Kezia Aenda Kuipokea Meli

Pale Issenye, mtu akiwa na safari ngumu haanzii stendi, anaanzia kwa Kezia. Maiti ya kuletwa kutoka Dodoma, bibi harusi wa kupelekwa Bunda katikati ya masika, kwaya ya kwenda Musoma na gari moja wakati watu ni wa magari mawili: yote hayo Kezia ameyapanga akiwa amekaa kwenye kigoda chake, mguu mmoja ameunyoosha, kidole kinachora njia mavumbini. Miaka arobaini anapanga safari za watu na hajawahi kumwacha mtu njiani. Hilo atakwambia mwenyewe kabla hujamaliza kumwamkia.

Kazi hiyo hakuifundishwa shuleni, ingawa shule ya msingi aliimaliza na mwandiko wake ni mzuri mpaka leo. Aliifundishwa na baba yake, kule upande wa Tarime alikozaliwa. Mzee alikuwa anaswaga ng'ombe kwenda minadani, siku tatu, siku nne kwa miguu, na kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume aliyekwisha kukua, alimchukua Kezia kubeba unga na kibuyu cha maziwa. Mwaka ule wa mvua kubwa, uhuru ukiwa bado mbichi, ng'ombe walishtuka mtoni wakatawanyika, na watu nao wakapotezana porini. Kezia alikuwa na miaka kumi. Hakulia. Alifanya kama alivyoambiwa: aligeuka akarudi kwenye moto wa jana.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mzee. Mkipotezana, hakuna kutafutana. Kila mtu arudi pale mlipolala jana, kwa sababu pale ameachwa mtu makusudi, anachochea moto, na haondoki mpaka jua lifike utosini. Aliyepotea anamkuta. Anayemtafuta aliyepotea anamkuta. Kezia alipokua akaolewa Issenye, akaihamishia sheria hiyo kwenye mabasi na simu. Kila safari anayoipanga, anamteua mtu wa kubaki. Wote wakienda msibani, huyo haendi. Anakaa na simu.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka huu ukaingia ujumbe kwenye simu ya Kezia. Ulitoka kwa Nice, mjukuu wake, aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa. Nice anafanya kazi kwenye meli ya watalii, moja ya zile kubwa zenye ghorofa kama hospitali ya rufaa, anafua na kupiga pasi mashuka. Miaka miwili hajakanyaga nyumbani. Aliandika hivi: "Bibi shikamoo. Meli yetu itafunga gati Mombasa Jumamosi ya wiki ya tatu kuanzia leo. Wafanyakazi tunaruhusiwa kutoka saa sita mchana mpaka saa kumi. Halafu tunaondoka na hatutarudi upande huu mpaka mwaka kesho. Unaweza kuja?"

Saa nne tu. Na mtu akishafika miaka sabini na mitatu, habari za mwaka kesho anazisikia kwa sikio moja.

"Naweza kuja?" Kezia aliiambia simu. "Huyu mtoto ananiuliza mimi kama naweza kwenda mahali!"

Jioni ile akamwita Laurensia. Huyu ni nesi mstaafu, Mhaya wa Bukoba, aliletwa na serikali kufanya kazi zahanati miaka thelathini iliyopita akasahau kurudi kwao. Akamwita na Nyangi pia, mke mwenzake. Mume wao amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, akawaachia ua mmoja, zizi moja na ubishi usioisha.

"Laurensia, tunakwenda wote," Kezia alisema. "Wewe unajua mambo ya chanjo na karatasi za maofisini."

"Na mimi?" Nyangi akauliza.

"Wewe ndiye mtu wa kubaki."

Nyangi akaweka chini ungo. "Mtoto nimembeba mgongoni mimi, wewe ukiwa unazunguka na kwaya yako. Leo unaniambia nibaki?"

"Kwani kwaya ilikuwa ya kwangu peke yangu? Ng'ombe watakamuliwa na nani? Na simu itakaa na nani? Namba anayoijua Nice ni hii, na simu hii haitoki nyumbani. Siku ya Jumamosi, kuanzia saa tano, unapanda juu ya kichuguu na hushuki mpaka saa kumi ipite."

Kichuguu chenyewe kiko nyuma ya zizi, kirefu kama mtu na nusu, na ndipo mahali pekee pale nyumbani ambapo mtandao unakamata bila kukatika.

"Jua lote hilo?"

"Nenda na mwavuli."

"Na nikibanwa na haja?"

"Ujibane, Nyangi. Watu wanajibana kwenye basi kutoka Mugumu mpaka Mwanza."

Nyangi akaokota ungo wake akaendelea kupeta. Lakini siku ya kuondoka alileta kibuyu cha maziwa ya mgando, kilichofukizwa vizuri mpaka kinanukia moshi, akakiweka kwenye kikapu cha Kezia bila kumtazama. "Ni ya mtoto," akasema. "Usije ukayanywa njiani."

Karatasi zilikuwa zimeshughulikiwa wiki mbili kabla, kule Bomani mjini Tarime. Walikaa kwenye benchi la ofisi tangu asubuhi, wakapigwa picha, wakaulizwa wanakwenda Kenya kufanya nini. "Kupokea meli," Kezia alisema, na kijana wa mezani akainua kichwa amwone vizuri. Laurensia akapitisha kadi zao za homa ya manjano kama mtu anayetoa karata ya ushindi. Wakapata hati zao.

Kwa hiyo Jumatano walitoka Issenye kwa bodaboda mbili, wakapanda basi Mugumu, wakalala Tarime kwa mdogo wake Kezia. Alhamisi asubuhi wakavuka Sirari. Upande wa pili Laurensia akanunua laini ya Kenya akaiweka kwenye simu yake, wakapiga nyumbani kumpa Nyangi habari kwamba wamevuka. Usiku wa Alhamisi walilala Nairobi kwa muumini mwenzao, na Ijumaa jioni wakaingia Mombasa wakiwa wamevimba miguu.

"Tungeweza kutoka Nairobi usiku huu tukafika kesho asubuhi," Laurensia alinung'unika akivua viatu. "Ratiba ya basi nilikuonyesha."

"Ng'ombe hafikishwi mnadani siku ya mnada," Kezia alisema. "Anafika jana yake, anapumzika, anakunywa maji."

"Asante kwa kuniita ng'ombe."

"Ng'ombe asingelalamika."

Jumamosi saa nne wako tayari nje ya geti la bandari. Joto la pale si la kwetu, linakushika kama blanketi bichi. Malori ya makontena yanapita mfululizo. Kezia akaweka kigoda chake kivulini, alitoka nacho nyumbani, akamwita mlinzi mmoja mrefu aliyesimama kwenye kizuizi. Alipomwona tu shavu na ule mwendo wa mabega alijua huyu ni wa kwao, akamsalimia kwa Kikurya. Yule mlinzi karibu adondoshe rungu. Anaitwa Waitara, kwao ni Kehancha, ng'ambo tu ya mpaka, mtu ukipiga kelele Sirari mama yake anasikia.

"Bibi, mmetoka Tarime kuja kusimama hapa?"

"Kukaa, mura, kijana wangu. Nimekuja na kigoda. Meli imeingia?"

"Imeingia tangu alfajiri. Ile kule, nyeupe."

Ilionekana kwa juu ya paa za maghala, ndefu, imetulia, ina madirisha kama vitundu vya sega la asali. Kezia aliitazama. Mjukuu wake yuko ndani ya kitundu kimojawapo.

"Lakini humo hamuingii," Waitara akasema. "Atatoka mwenyewe. Wote wanapita hapa."

"Basi. Mimi nitakuwa hapa."

Saa sita ikafika, saa sita na robo. Wakatoka watalii kwa mabasi, wamevaa kofia, wanapiga picha hata malori. Likatoka basi dogo lenye vioo vyeusi, likapiga honi kwa sababu kigoda cha Kezia kilikuwa kimejisogeza barabarani kufuata kivuli. Kezia akainuka, akasogeza kigoda, akalipungia mkono lipite, na kulikemea kidogo kwa vumbi. Saa saba. Saa saba na nusu.

"Waitara, baba, wafanyakazi hawajaanza kutoka?"

"Wametoka, Bibi. Si lile basi dogo, la vioo vyeusi? Lile lililokupigia honi."

Kezia akakaa. Akainuka. Akakaa tena. Lile basi alilisogezea kigoda kwa mkono wake mwenyewe.

"Limekwenda wapi?"

"Mjini. Linawashusha huko, kila mtu anakwenda anakojua."

Hapo ndipo kilipoonekana kilichosahauliwa. Njia yote Kezia aliipanga, toka zizini mpaka getini. Mahali pa kukutana hakupataja. Hakuona haja. Mtu akienda kumwona mwenzake si anakwenda mlangoni kwake? Na mlango wa Nice ni geti la bandari.

"Labda kuna geti lingine," Laurensia alisema. "Twende tukamtafute, saa inakwenda."

Na Kezia, mtoto wa baba yake, mtu wa miaka arobaini ya safari bila kasoro, alifanya jambo ambalo mtu mwingine akilifanya angemchapa kwa maneno mpaka jioni. Aliingia kwenye tuktuk kwenda kutafuta. Walikwenda geti la pili, hakuna. Walikwenda duka moja kubwa ambalo dereva alisema mabaharia wanalipenda, wakamkuta Mfilipino ananunua sabuni. Walirudi geti la kwanza saa nane kasoro, nguo zimewaganda mgongoni. Waitara alikuwa amekalia kigoda cha Kezia kukilinda.

"Hakuja, Bibi. Nimetazama kila mtu."

Yamebaki masaa mawili. Tena si mawili, kwa sababu Nice lazima awe ndani kabla ya saa kumi. Laurensia alikuwa anasema tena habari ya kwenda ufukweni, Kezia hamsikii. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu, na vidole vile vilimkumbusha tope la mtoni, na ng'ombe, na sauti ya mzee.

"Hakuna kutafutana," akasema.

"Unasema?"

"Leta simu. Mpigie Nyangi."

Simu iliita mara moja tu.

"Ninyi mko wapi?" Sauti ya Nyangi ilitoka kwa nguvu mpaka Waitara akageuka. "Nimekaa juu ya kichuguu tangu saa nne na nusu, mchwa wamenila, mwavuli umepeperushwa na upepo umemwangukia ndama, na ninyi mnatembea mjini! Mtoto amepiga mara mbili, na simu hii haina salio la kuwapigia huko Kenya!"

Kezia akaishika simu kwa mikono yote miwili. "Amepiga? Yuko wapi?"

"Yuko stendi ya mabasi! Tangu saa sita na nusu. Ameazima simu ya mkata tiketi. Anakusubiri ushuke kwenye basi akupokee mzigo. Anasema kila basi la Nairobi linaloingia anachungulia mlangoni."

Kezia alifumba macho. Ni nani aliyemfundisha yule mtoto kwamba mgeni wako, tena mzee wako, humsubiri mlangoni umekaa? Kwamba unamfuata mpaka anaposhukia, unampokea mzigo, ndipo unamwamkia? Toka ana miaka mitano alikuwa anatumwa barabarani kupokea vikapu. Amelelewa vizuri mno. Na alipoona mambo hayaendi hakuzunguka zunguka. Amepiga simu kwenye moto wa jana.

"Mwambie..." Kezia akaanza. "Nyangi, mimi nachukua tuktuk sasa hivi naenda stendi."

"Thubutu!" Nyangi alisema. "Uende yeye akiwa anakuja, mpishane tena? Mtu wa kubaki nani? Mimi au wewe?"

Kezia akaurudisha mguu aliokwisha kuuweka barabarani.

"Ni wewe," Kezia akasema.

"Basi sikiliza. Alisema atapiga tena saa nane kamili. Nitamwambia aje hapo ulipo. Wewe kaa kwenye hicho kigoda chako, usiinue hata kisigino. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Laurensia naye asikie."

"Amesikia, Nyangi. Mombasa nzima imesikia."

Kezia akakaa. Waitara alileta maji ya chupa. Laurensia akampepea kwa kadi ya homa ya manjano. Saa nane na robo. Kila tuktuk iliyopunguza mwendo, Kezia alibana miguu chini isije ikainuka yenyewe.

Saa nane na dakika ishirini tuktuk moja ikasimama upande wa pili wa barabara. Akashuka msichana mrefu, suruali nyeusi, fulana nyeupe yenye alama ya meli, nywele fupi. Akavuka kati ya malori mawili kama mtu anayekatiza kundi la ng'ombe. Hakumkumbatia mtu. Kwanza aliinama, akachukua kikapu kilichokuwa miguuni pa Kezia, akakitia begani. Ndipo akapiga goti moja pale kwenye lami.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Kezia akamshika mkono juu ya kiwiko, akambinya kama anayepima ndama. Akambinya na wa pili. "Unakula?"

"Nakula, Bibi."

"Unakula nini?"

"Kila kitu. Kuna mkate wa aina tisa."

"Mkate," Kezia akasema, na akamtazama Laurensia kuona kama kesi imesikilizwa. "Kaa hapa. Fungua kikapu."

Nice alipoona kibuyu aliweka mkono mdomoni. Akakitoa kizibo, akanusa moshi, akacheka, macho yamejaa maji. "Ya Bibi Nyangi haya."

"Humo ndani hayaingii," Waitara alisema. "Wanakagua kila kitu, Bibi, wataya..."

"Nani kasema yanaingia? Yananywewa hapa."

Wakayanywa. Nice kwanza, kwa kifuniko cha chupa ya chai, vifuniko vitatu mfululizo. Laurensia, ambaye miaka thelathini anasema maziwa ya mgando ni ya wafugaji, alikunywa viwili. Waitara akapewa, akageuka kando akanywa akiwa amevua kofia, akitazama malori. Wakazungumza habari za nyumbani: ng'ombe gani kazaa, nani kaolewa Ringwani, tembo walivyopita kwenye mihogo ya jirani wakaruka ya kwao. Nice akaeleza mashuka mia nne kwa siku, na bahari isiyo na ukingo, na Mfilipino mmoja anayemfundisha kuimba. Kezia hakuuliza mengi. Alikuwa anamtazama anavyomeza.

Saa tisa na nusu Waitara alikohoa. Muda umefika.

"Ngoja," Nice alisema. "Nimuage Bibi mdogo." Akapiga kwa simu ya Laurensia, akasimama pembeni akiongea kwa Kiisenye haraka haraka, anacheka, anafuta macho. Kisha akamletea Kezia simu.

Kezia aliishika akitafuta maneno. Si maneno ambayo alikuwa na mazoea nayo, hasa kwa huyu.

"Nyangi."

"Nini tena?"

"Amekunywa yote."

"Vizuri."

"Shuka sasa kwenye kichuguu."

"Bado saa kumi haijafika," Nyangi alisema. "Nitashuka akishaingia ndani."

Nyangi akashuka hivyo hivyo, saa kumi kamili, Nice alipokwisha kupita kizuizi akigeuka nyuma mara tatu, na meli ikampokea.

Walirudi Issenye Jumatatu kwa bodaboda ya jioni. Kezia alimwona Nyangi kwa mbali. Alikuwa amekuja mpaka barabarani, amesimama penye njia panda, na kabla ya kumwamkia akachukua kikapu akakitia kichwani.

Walitembea mpaka zizini. Nyangi akaweka kikapu, akatoa simu kwenye kanga, akamrudishia mwenyewe.

"Kuna kibahasha kimekaa humo tangu Alhamisi," akasema. "Sikukifungua. Wale wa kampuni wanaleta matangazo kila saa."

Kezia akafungua. "Bibi, usihangaike kufika bandarini, nitakuja stendi kukupokea. Nice." Akausoma mara mbili. Nyangi hajui kusoma, na huo ulimi wa Kezia ulikuwa tayari umekwisha kujikunja kusema jambo la kukumbukwa mpaka Krismasi. Akaizima simu.

"Ndiyo," akasema. "Matangazo tu."

Akauzunguka ukuta wa zizi, akasimama chini ya kichuguu akakipima kwa macho. Akavua ndala.

"Wewe unafanya nini huko?" Nyangi akapaza sauti.

"Meli inarudi mwaka kesho." Kezia alikuwa amekwisha kuweka mguu mmoja, vidole vinatafuta pa kushika. "Hati yako ya kusafiria itaanza kushughulikiwa Desemba, Laurensia atakupeleka Bomani. Nataka kuona nitakaa vipi huku juu."

Nyangi alimtazama anavyopanda, kiganja kwa kiganja, mtu wa miaka sabini na mitatu na heshima zake zote, vumbi jekundu linamporomokea kwenye gauni la safari.

"Upande wa kushoto kuna mchwa," akamwambia, na akaenda ndani kumletea mwavuli.